Slabu za zege za zamani: fundi anataka zitupwe, mimi nataka nizirudishe kwenye njia ya bustani

#1 Mjukuu_wa_Chumbageni
Wakuu, salaam. Nyumba ya wazazi iko Tanga mjini. Kutoka getini hadi mlango wa jikoni kuna njia ya slabu za zege, futi mbili kwa mbili, unene kama inchi mbili, ambazo marehemu baba aliziweka miaka ya 70. Njia inapita chini ya mwembe halafu inakunja kuelekea kwenye bomba la maji. Sehemu ya katikati imedidimia, slabu kadhaa zinacheza ukizikanyaga, nyingine zimeota ukoga zinateleza, na chache zimepasuka. Mama anatembea na mkongojo na hiyo ndiyo njia yake ya kila asubuhi kwenda kwenye mchicha wake.

Fundi amekuja, akatazama kidogo tu, akasema zote zing'olewe zikatupwe tuweke pevingi mpya. Mimi naona zege lenyewe bado zima. Nimeinua moja kwa mtaimbo: uso wa juu umechakaa hadi kokoto zinaonekana, lakini chini ni safi, kingo zimenyooka, na mizizi myembamba imejibandika kwenye zege ikafuata kila kijishimo. Tandu mmoja akatoka mbio.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Zinafaa kurudishwa? Na kwa nini zimedidimia katikati tu wakati huku na huku zimetulia? Sitaki nizipange upya halafu masika ijayo mama aje ajikwae palepale.

#2 Zege_Kavu
Zinafaa sana. Zisimamishe moja moja uziegemeze kwenye ukuta, kisha uzigonge kwa nyundo ndogo. Inayolia kwa sauti kali ni nzima. Inayotoa sauti butu ina ufa ndani hata kama macho hayauoni. Usizigonge zikiwa zimelala ardhini, maana tundu lililo chini yake litakudanganya, utatupa slabu nzima.

#3 DadaWaMachame
Kuhusu kudidimia, jibu umelitaja mwenyewe: mwembe. Kwangu Moshi parachichi liliharibu sakafu ya uani yote. Kata mizizi kwanza ndipo upange slabu.

#4 Kamba_na_Pimamaji
Dada, mizizi hai inanenepa, kwa hiyo inainua. Yeye anasema zimedidimia. Ukiona slabu imenyanyuka upande mmoja, hapo laumu mti. Ukiona imezama, tafuta udongo ulikokwenda.

Na tafadhali asikate mizizi minene ya mwembe. Hiyo ndiyo inayoushikilia mti usije ukaanguka juu ya bati la jikoni siku ya upepo.

#5 DadaWaMachame
@Kamba_na_Pimamaji nakubali kuhusu kukata, lakini mzizi ukifa ukaoza unaacha bomba tupu ardhini. Mwembe wa miaka hiyo yote hauwezi kukosa mizizi iliyokufa. Kwa hiyo bado nipo kwenye mti.

#6 Mgogo_Halisi
Huo ni udongo wa mbuga bila shaka. Huku Dodoma kuna sehemu udongo mweusi unavimba ukilowa, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Chochote ukipanga juu yake kinapanda na kushuka kila mwaka. Dawa ni moja: uchimbe uutoe, ujaze moramu (udongo wa changarawe), ushindilie.

#7 Mjukuu_wa_Chumbageni
Ahsanteni. @Mgogo_Halisi udongo wa hapa ni kichanga chekundu, sio ule mweusi. Ukiufinyanga mkononi haushikani. @Zege_Kavu nimeanza kuzigonga, nyingi zinalia vizuri. Nimefurahi kweli.

#8 Mgogo_Halisi
Kama ni kichanga, nafuta la mbuga. Basi tafuta maji. Kichanga hakivimbi ila kinachukulika. Maji ya bati yanaangukia wapi?

#9 Mjukuu_wa_Chumbageni
Bati la jikoni halina mfereji, maji yanadondoka chini moja kwa moja. Lakini yanadondokea karibu na mlango, na pale mlangoni slabu zimetulia. Zilizozama ziko mbali kidogo, chini ya mwembe.

#10 Nahodha_Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Maji hayaharibu pale yanapoangukia tu, ndugu yangu. Yakiangukia mlangoni yaingia chini ya slabu, yafuata mteremko, yaenda kutokea kwengine na mchanga wayo. Kwetu Kisauni njia ya kabro (nyinyi mwaziita pevingi) ilizama mbali kabisa na mfereji. Tulipoinua tukakuta kijito kidogo kimejichimba chini kwa chini, mchanga wote umehamia kwa jirani.

#11 Panda_Miti
Hakuna aliyetaja panya buku? Pwani yote wapo. Wanachimba chini ya kitu kigumu kwa sababu hapo dari haianguki. Mdau, angalia pembeni mwa njia kama kuna tundu la ukubwa wa ngumi na udongo mbichi uliotupwa nje.

#12 Mtoto_wa_Mji_Kasoro_Bahari
Panya buku msimseme vibaya, huku Morogoro ni mtumishi wa umma 😄 Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna mradi wa APOPO, wanafundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi.

#13 Panda_Miti
@Mtoto_wa_Mji_Kasoro_Bahari hao wenu wamesoma. Wa Tanga bado wanachimba.

#14 Bi_Mkubwa_Mbezi
Turudi kwa mama yake mwenye uzi. Mwanangu, kabla ya kuhangaika na sababu, shughulikia huo ukoga leo hii. Mtu wa mkongojo akiteleza kwenye zege, nyonga ikivunjika ni habari nyingine kabisa. Chukua brashi ngumu, maji, sabuni ya unga, sugua. Matawi ya chini ya mwembe yapunguze ili jua liguse njia. Ukoga unapenda kivuli na unyevu. Jua likipita hapo saa chache tu kwa siku, utaona tofauti.

#15 Kijana_wa_Kazi
Brashi ya nini, mama? Mwaga asidi ile ya kusafishia vyoo, ukoga wote unatoka, zege linang'aa jipya.

#16 Zege_Kavu
@Kijana_wa_Kazi hapana. Asidi inakula saruji yenyewe. Huo mng'ao unaouona ni ngozi ya zege imeliwa, na uso uliobaki una vijishimo vingi zaidi ambavyo ukoga utavishika vizuri kuliko mwanzo. Na itaua mchicha wa watu.

Kitu kingine, na hiki asome kila mtu: kama mtu ameshamwaga jiki, asimwage asidi juu yake. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu. Usijaribu hata nje uani.

#17 Bi_Mkubwa_Mbezi
Ahsante @Zege_Kavu. Kuna dada wa kazi kwa jirani yetu alichanganya hivyo bafuni, alitolewa anakohoa hajiwezi. Msicheze na hivyo vitu.

#18 Saidia_Fundi
Kwa nini msizigeuze? Juu pamechakaa, chini pamenyooka. Geuza tu, una slabu mpya bure. Tumefanya hivyo kwenye nyumba nyingi Dar, wenye nyumba wanashangaa.

#19 Injinia_wa_Mtaani
@Saidia_Fundi wazo zuri, ila aangalie kwanza kama zina chuma ndani. Slabu ya njia ya kawaida haina nondo, hiyo geuza upendavyo. Lakini watu wengi huokota mifuniko ya mitaro na ya chemba wakaifanya slabu za bustani. Ile ina nondo, na nondo zinawekwa karibu na uso wa chini kwa sababu uzito ukiwa juu, upande wa chini ndio unaovutwa. Ukiigeuza, chuma kinakuja juu na chini panabaki zege tupu, ambalo kwa kuvutwa ni dhaifu.

Pia nondo zikishapata kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, inapasua zege kutoka ndani. Kwa Tanga na chumvi ya baharini, angalia nyufa zenye rangi ya kahawia. Slabu zenye nyufa hizo usihangaike kuzirudisha.

#20 Saidia_Fundi
Mkuu unachosema ni cha mtaro, pale slabu inaning'inia hewani. Hapa imelala kwenye mchanga mwanzo mwisho. Inavutwa na nini?

#21 Injinia_wa_Mtaani
Ikilala kweli mwanzo mwisho, umeshinda. Lakini uzi huu umeanza kwa sababu mchanga umeondoka chini. Siku mchanga ukiondoka, hiyo slabu inaning'inia sawasawa na ya mtaro.

#22 Mjukuu_wa_Chumbageni
Nimezikagua, hazina nondo. Kwenye zilizopasuka naona kokoto na mchanga tu, hakuna hata waya. Ubora wake unanishangaza, nadhani ni saruji ya hapahapa Pongwe, zamani walitengeneza kitu cha maana.

#23 Mzee_wa_Reli
Kijana, kiwanda cha Pongwe kimeanza kuzalisha mwaka 1980. Kama marehemu aliweka miaka ya 70, hiyo itakuwa ya kiwanda cha Wazo Hill kule Dar, kilichoanza 1966, au cha Bamburi kule Mombasa, kilichoanza miaka ya 50. Kwa Tanga, mzigo wa Mombasa haukuwa mbali, ila mpaka na Kenya ulifungwa 1977, kwa hiyo inategemea ni mwaka gani hasa.

Ubora unaouona hautokani na kiwanda pekee. Zamani zege lilimwagiliwa maji siku nyingi baada ya kumwagwa. Lilifunikwa magunia, watoto tunatumwa kumwagilia asubuhi na jioni. Siku hizi likikauka juu mtu anaondoka zake.

#24 Nahodha_Kisauni
@Mzee_wa_Reli umenikumbusha Bamburi. Yale machimbo waliyochimba mawe ya saruji yalibaki jangwa la matumbawe, hakuna kilichoota. Kuanzia 1971 René Haller akapanda mivinje, kisha akaleta majongoo wayale majani ya mivinje yaliyopukutika, wageuze udongo. Leo ni msitu, watu waenda kutembea na kutazama twiga. Kwa hiyo mwenye uzi, ukikuta majongoo chini ya slabu usiwaue. Hao ndio wakutengenezeao udongo wa bustani.

#25 Bi_Mkubwa_Mbezi
Majongoo sawa. Tandu mimi siwezi kumvumilia.

#26 Mswahili_Leicester
Nawasoma kutoka Uingereza. Huku slabu kama hizo zimejaa kwenye bustani, na kuzitumia tena ni kawaida kabisa, watu wanazigawa bure ilimradi uje na gari. Kosa ninaloliona huku na huko nyumbani ni moja: fundi anaweka madonge matano ya zege bichi, manne kwenye kona na moja katikati, kisha analaza slabu juu yake. Inaonekana imenyooka. Lakini kati ya madonge kuna uwazi. Maji yanakaa humo, sisimizi wanahamia humo, na mtu akikanyaga pasipo na donge slabu inapasuka. Ningekuwa wewe ningechungulia kama zilizopasuka zina alama za madonge chini.

#27 Mjukuu_wa_Chumbageni
@Mswahili_Leicester hakuna madonge. Baba alilaza kwenye mchanga mtupu. Ila umenipa wazo, zilizopasuka zote zimepasuka mstari unaokatiza katikati, sio kona.

#28 Dereva_wa_Kipande
Mpasuko wa katikati ni uzito, hakuna cha mzizi wala panya. Hapo limepita gurudumu. Hakuna lori liliwahi kuingia humo ndani?

#29 Mjukuu_wa_Chumbageni
Mama anasema walipoongeza chumba cha jikoni, lori dogo la kokoto liliingia hadi karibu na mwembe. Ni zamani. Hakumbuki kama slabu zilizama kabla au baada.

#30 Dereva_wa_Kipande
Kesi imekwisha.

#31 DadaWaMachame
Haijaisha. Lori lingezamisha kutoka getini kwenyewe, kwa nini liruke mwanzo wa njia likazamishe chini ya mwembe? Kwa sababu chini ya mwembe tayari palikuwa na uwazi.

#32 Kamba_na_Pimamaji
Sababu mtabishana hadi vuli. Mimi niseme namna ya kupanga, maana kwa sababu yoyote ile kazi ni ileile.

Toa slabu zote za sehemu mbovu na mbili tatu za sehemu nzima kila upande, usiishie pale pale ilipozamia. Chimba hadi ukute udongo uliokaa sawa, ukikuta shimo lifuate hadi mwisho wake. Jaza moramu au vipande vidogo vya kifusi pamoja na vumbi la kokoto, tabaka la sm 5 kila mara, lowesha kidogo, shindilia kwa gogo zito, ongeza tabaka lingine. Jumla sm 10 inatosha kwa njia ya watu. Juu yake mchanga wa sm 3 hadi 4 uliosawazishwa kwa ubao ulionyooka. Funga kamba pande zote mbili. Laza slabu, gonga na nyundo ya mpira, pima kila moja kwa pimamaji. Huna nyundo ya mpira, weka kipande cha ubao juu ugonge ubao.

Mteremko usisahau. Sm 1 na nusu kwa kila mita inatosha, kuelekea upande ulio mbali na nyumba. Kwa slabu ya futi mbili ni kama sm 1, mama hataihisi mguuni lakini maji yataijua.

#33 Saidia_Fundi
Mchanga mtupu ndio uliomponza baba yake. Changanya ndoo sita za mchanga na moja ya saruji, mkavu bila maji, tandaza, panga slabu, kisha nyunyizia. Unyevu wa ardhini utaushika wenyewe. Panya hachimbi hapo, sisimizi hachimbi hapo.

#34 Kamba_na_Pimamaji
Na mwembe ukisukuma, unavunja vipande vipande usivyoweza kuinua tena. Uzuri wa mchanga ni kwamba kesho ukitaka kurekebisha unainua moja, unaongeza mchanga, umemaliza. Njia ya marehemu imekaa miaka yote hiyo kwenye mchanga mtupu. Niambie pevingi ipi ya mtaa wako ina umri huo.

#35 Mie_wa_Ng'ambo
Hapa Unguja ningekwambia utumie chokaa badala ya saruji. Chokaa na mchanga na udongo mwekundu, kama walivyojengea wazee Mji Mkongwe. Inashika lakini ina ulaini, ukuta ukijinyoosha kidogo haupasuki ovyo. Saruji ni ngumu mno kwa kitu kinachokaa juu ya mizizi. Na kuhusu kutupa, mie nashangaa kabisa. Huku nyumba ikianguka mawe yake hayatupwi, yanarudi kwenye ukuta mwengine. Jiwe alilolichonga mtu likamtumikia baba yako unalipeleka jaani kwa sababu gani?

#36 Injinia_wa_Mtaani
@Mie_wa_Ng'ambo nakuunga mkono kwa hilo la mwisho, na liko la ziada. Saruji duniani inachangia asilimia 7 hadi 8 hivi ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, kwa sababu ya moto wa tanuri na kwa sababu jiwe la chokaa lenyewe likichomwa linaachia hiyo gesi. Slabu iliyokwisha kutengenezwa imeshalipa gharama hiyo. Kuivunja ili ununue nyingine ni kuilipa mara mbili.

#37 Kijana_wa_Kazi
Mnaongea tu, nani atabeba? Slabu moja si kilo ishirini, ishirini na tano?

#38 Zege_Kavu
Zaidi. Zege lina kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Futi mbili kwa mbili, inchi mbili unene, inakuja kama kilo 45. Ni karibu mfuko wa saruji. Hiyo sio ya mtu mmoja kuinama na kunyanyua kwa kiuno.

Inyanyue ukingo kwa mtaimbo, chomeka kipande cha ubao, isimamishe. Ikishasimama usiibebe, itembeze: iinamishe kwenye kona moja, izungushe, kona ya pili, izungushe. Kwa umbali mrefu laza vipande vya bomba uisukume juu yake. Na vaa viatu vilivyofunika vidole, kandambili weka pembeni.

#39 DadaWaMachame
Na zitakazohitaji kukatwa pale njia inapokunja, mwagia maji wakati wa kukata kwa grainda. Vumbi la zege kavu lina silika, likiingia mapafuni halitoki. Mafundi wetu wanakata huku wamejifunga tisheti puani, tisheti haizuii vumbi lile laini. Afadhali asikate kabisa, pengo la pale kwenye kona ajaze kwa vipande vya zilizopasuka.

#40 Mjukuu_wa_Chumbageni
Wakuu, jumamosi nimefungua sehemu ya katikati na binamu yangu. Nawaambia nilichokiona, kila mtu aamue.

Chini ya slabu ya pili iliyozama kuna uwazi unaoingia mkono hadi kwenye kiwiko. Ndani yake kuna unga wa kahawia, laini, una harufu ya ubao uliooza. Ukutani mwa shimo mchanga ni mweupe na umeoshwa, sio mwekundu kama sehemu nyingine, na umejipanga kwa mistari myembamba. Mwisho wa shimo kuna kokwa za maembe, nyingi, na maganda ya karanga ambazo hapa nyumbani hakuna anayelima. Slabu iliyokuwa juu yake ndiyo iliyopasuka katikati.

#41 DadaWaMachame
Unga wa kahawia. Mzizi uliooza. Nilisema.

#42 Nahodha_Kisauni
Mchanga ulooshwa kwa mistari, hiyo ni maji, haina mjadala. Mzizi hauoshi mchanga.

#43 Panda_Miti
Maganda ya karanga yameletwa na maji ya mvua? Ni ghala la panya buku hilo. Anabeba chakula mashavuni na kwenda kukihifadhi.

#44 Dereva_wa_Kipande
Na slabu imepasuka katikati. Lori.

#45 Mgogo_Halisi
Inawezekana mzizi uliacha njia, panya akaipanua, maji yakaipitia, lori likamalizia. Ila kipi kilianza sioni atakayetuambia.

#46 DadaWaMachame
Mzizi ndio ulianza.

#47 Panda_Miti
Panya anaweza kuanza mwenyewe bila kusaidiwa na mzizi 😄

#48 Bi_Mkubwa_Mbezi
Mwanangu, shimo hilo usilifukie kwa mchanga. Weka vipande vya zege vilivyopasuka, vishindilie, juu ndipo moramu. Panya hachimbi zege kirahisi. Halafu slabu zilizobaki panga karibu karibu, nafasi ya kidole tu. Naona vijana wanapenda kuziachanisha mguu na mguu kwa ajili ya urembo. Kwa mtu wa mkongojo ile ni hatari, ncha ya mkongojo inazama kwenye pengo.

#49 Mjukuu_wa_Chumbageni
Nimekusikia mama, shikamoo. Nitaacha nafasi ndogo na nitajaza mchanga. Mama mwenyewe ametoa sharti moja, kwamba slabu ya karibu na bomba isihamishwe wala isigeuzwe. Ina alama ya kiganja changu, nilikanyagishwa mkono zege likiwa bichi nikiwa mtoto mchanga.

#50 Mzee_wa_Reli
Hiyo izungushie kamba mafundi wasiiguse.

#51 Mswahili_Leicester
Kwenye hizo nafasi anaweza kuotesha ukoka. Unashika mchanga na maji yanazama ardhini badala ya kutiririka. Huku England tangu 2008, ukitaka kusakafia zaidi ya mita 5 za mraba mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji, na maji hayana pa kuzamia kwenye kiwanja chako, lazima uombe kibali. Mitaa ilikuwa inafurika kwa sababu kila mtu amesakafia. Nikija Dar nikaona viwanja vyote vimefunikwa pevingi ukuta hadi ukuta, kisha masika watu wanalalamika maji, naumia.

#52 Kijana_wa_Kazi
Ukoka unaleta nyoka. Pandeni mchaichai pembeni, nyoka anakimbia harufu.

#53 Panda_Miti
@Kijana_wa_Kazi kwetu mchaichai ulikuwa mkubwa mlangoni na nyoka tulimkuta amelala humohumo kwenye shina. Nyoka anafuata panya na mahali pa kujificha. Akiziba lile shimo na kufyeka nyasi fupi, ameshamaliza nusu ya kazi. Mchaichai apande wa chai.

#54 Mpogolo_Iringa
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina slabu kama hizo lakini kiwanja changu kiko kwenye mwinuko mkali. Nikizilaza hivyo kwa mchanga zitashuka zote hadi kwa jirani. Nifanyeje?

#55 Kamba_na_Pimamaji
Usilaze kwa mteremko, fanya ngazi. Anza chini kabisa, uende unapanda. Slabu ya kwanza chimbia ukingo wake wa mbele ardhini iwe kizuizi, na hiyo ndiyo uilaze kwenye zege bichi hata kama nyingine zote ni mchanga. Ya pili ikalie ya kwanza kwa nyuma, sm 5 au zaidi. Kila ngazi iwe na kimo kimoja, mguu ukishazoea kimo kimoja unajikwaa kwenye kinachotofautiana. Urefu wa mteremko ni mita ngapi, na una slabu ngapi nzima?

#56 Mpogolo_Iringa
Mteremko mita tisa hivi. Slabu bado sijazigonga kama @Zege_Kavu alivyosema, nitazigonga kesho nirudi na idadi.